MACHOZI YAWE NA SABABU

Msafiri atokaye Mjini kwenda Fumba hupita karibu na uwanja wa ndege na kijiji cha Kiembe Samaki. Wengi hupita pasipo kukumbuka ya kuwa hapo ndipo palipozuka, Julai 1951, yale ambayo wazee wa Unguja huyaita Vita vya Ng'ombe. Serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wachanjwe kwa lazima kuzuia kimeta, na wakulima wakakataa. Nyuma ya ukatavu huo palikuwa na kidonda cha zamani: ardhi iliyokwisha kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Watu walishtakiwa, umati ukajaribu kuwaokoa, polisi wakafyatua risasi, na roho zikapotea.

Tuseme leo mtungaji ataka kuufanya mkasa huo mchezo wa televisheni. Mbele yake pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni nyepesi. Atamweka bwana mkubwa mwovu mwenye kucheka peke yake, binti mzuri anayeonewa, sumu ndani ya kikombe, na muziki wa kuwaliza watazamaji. Ng'ombe wataonekana kwa mbali, kama mapambo ya ukuta.

Njia ya pili ni ngumu. Ataanza na ng'ombe mwenyewe: maziwa yake, samadi yake, na jinsi alivyo akiba ya mtu asiye na fedha. Kisha atamwonesha bwana mifugo ambaye huenda aliamini kwa dhati kwamba anatenda wema, kwani kimeta huua mnyama na mtu pia. Hapo ndipo msiba wenyewe ulipo. Chanjo haikuwa uovu. Uovu ulikuwa ni amri iliyotolewa bila ya shauri, juu ya watu waliokwisha kupoteza ardhi na imani pamoja. Mtazamaji akilia hapo, atajua analilia nini.

Sisi hatusemi kwamba chozi ni haramu. Kuli aliyeshinda bandarini na mvuvi wa Fumba aliyekesha baharini wana haki ya kuburudika. Tuliona jinsi watu walivyoupenda mchezo wa Kituruki, Muhteşem Yüzyıl, ulioanza Uturuki mwaka 2011 na kufika kwetu kwa Kiswahili kwa jina la Sultan. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliulaumu hadharani, kwa hoja kwamba Sultan Suleiman aliishi juu ya farasi vitani, siyo katika fitina za kasri. Lakini na lawama hiyo haitutoshelezi. Uhalisi si kumtukuza mkubwa. Mchezo uliojaa kasri na mchezo uliojaa farasi waweza kumsahau mtu yule yule: mkulima aliyelipa kodi.

Wala mapenzi si adui wa ukweli. Adam Shafi, katika riwaya yake Vuta N'kuvute, aliyachanganya mapenzi na harakati za kupinga ukoloni, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa filamu kutokana na riwaya hiyo. Penzi la Yasmin na Denge lina uzito kwa sababu limebanwa na sheria, rangi na siasa za miaka ya 1950. Waondoe katika Unguja ile, na penzi lao litakuwa kama jingine lolote.

Yatupasa, basi, kuwadai watungaji wetu jambo moja: waoneshe kazi na ujira. Wakiuigiza mgomo wa makuli wa mwaka 1948, tujue mshahara ulitosha nini sokoni kabla hatujasikia hotuba. Wakakae na wazee, nao ni wachache sasa, wawaulize watu walikula nini, walisemaje, na waliogopa nini.

Kijana wa Fumba ambaye hatapata kuyasoma haya skuli, atayapata katika televisheni. Akidanganywa hapo, atapita Kiembe Samaki maisha yake yote asione ila barabara. Mtunzi amlize akitaka, lakini kwanza amwambie kweli.