Dawa ya Zizini Isiingie Chumbani

Juzi nilikwenda duka la dawa za mifugo kununua dawa ya kupe. Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa heshima, akaomba kichupa cha ivermektini, ile ya sindano. Muuzaji akamwuliza, "Mzee wangu, ng'ombe wangapi?" Mzee akacheka: "Ng'ombe sina, mwanangu. Wajukuu wana upele, hawalali kwa kujikuna." Muuzaji akapokea fedha, akamfungia kichupa chake kwenye kipande cha gazeti, mambo yakaisha.

Tusimcheke mzee. Hoja yake ina mguu wa kusimamia. Ivermektini ilianza kweli kwa mifugo, mwaka 1981, na ilipofika 1987 ikaruhusiwa kwa binadamu. Wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Watu wa Mahenge wanaijua vizuri, maana hugawiwa bure kukinga ugonjwa wa usubi. Jina basi ni moja. Lakini jina halitibu. Kinachotibu ni kipimo.

Na tupige hesabu. Kidonge cha usubi kina miligramu 3, na mtu mzima hapewi zaidi ya vidonge 4. Dawa ya sindano ya ng'ombe, ile ya asilimia moja, ina miligramu 10 katika kila mililita. Babu akimnywesha mjukuu kijiko kimoja tu cha chai, amempa miligramu 50: vidonge 16 na zaidi, kwa mkupuo mmoja! Dawa ikizidi hivyo huleta kutapika, kuyumba, degedege, kuzimia, hata kifo.

Mgawa dawa wa kijijini huja na fimbo ya kupimia kimo. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Mjamzito hapewi, wala mama aliyejifungua wiki hiyo. Kichupa cha ng'ombe hakina fimbo wala hakiulizi mimba.

Wala si ivermektini peke yake. Wapo wanaojichoma oksitetrasaiklini ya mifugo kila wakikohoa, wakiwafundisha vijidudu usugu. Wapo wanaomwosha mtoto mwenye chawa kwa dawa ya josho, wakisahau kwamba kinachoua kupe ni sumu, na sumu hupenya ngozi.

Najua nitajibiwa: zahanati iko mbali, na tukifika tunaambiwa dawa hakuna. Ni kweli, na wenye dhamana ya afya hawana budi kulisikia neno hilo. Mwananchi hakimbilii zizini kwa kupenda. Hata hivyo, upele una dawa yake ya kupaka, nayo haifilisi mtu. Hutibiwa nyumba nzima siku moja, nguo na matandiko yakafuliwa na kuanikwa juani. Rahisi ya kijiko cha ng'ombe huenda ikawa ghali ya jeneza.

Nawe muuzaji, ukishaambiwa "ng'ombe sina", rudisha kichupa rafuni. Faida ya chupa moja haifidii mtoto wa mtu.

Na wewe mzee wangu, kama gazeti hili limekufikia, kile kichupa mpe jirani mwenye ng'ombe. Wajukuu wapeleke zahanati kesho asubuhi, wote, hata yule asiyejikuna.