Glodi, Glody, Glodhy

Glodi, Gradi, Plamedi: majina haya ya kumshukuru Mungu tumeyabuni wenyewe Wakongo, na hatuyaonei haya. Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972. Yalirudi kwa kishindo.

Taabu ni herufi. Glodi wa jirani akishakuwa Glody, wetu lazima awe Glodhy. Siku ya ubatizo inapendeza. Kisha mwalimu anaandika hivi, fomu ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inasema vile, kadi ya mpiga kura nayo ina lake, na kijana anazunguka ofisi akithibitisha kwamba yeye ni yeye.

Kwetu Kanyabayonga, Kivu Kaskazini, ni balaa zaidi. Mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, watu walikimbilia upande wa Kayna, Lubero na Butembo, wengine bila karatasi hata moja. Ukifika kwenye orodha ya wakimbizi, unaandikwa ulivyosikika. Wenye majina yetu ya Kinande, Paluku na Kambale, hawapati shida sana. Hata ndugu zetu Wakonzo wa Kasese, Uganda, wakiandika Baluku na Bwambale, tunajuana. Glodhy je?

Mzazi asinyimwe jina la kisasa. Lakini amwandikishe mtoto ndani ya siku 90 zilizowekwa na sheria, jina la Kinande likifuata maandishi ya wazee. Na karani asome herufi moja moja kwa sauti, mzazi akisikia, kabla ya kugonga muhuri. Hilo halingoji bajeti ya Kinshasa.