Bei ya Mita ya Mraba Haijengi Nyumba

Gharama ya nyumba kwa mita ya mraba hupatikana kwa kugawanya. Fedha zote zilizotumika kujenga nyumba fulani zinagawanywa kwa eneo la sakafu yake, na kinachopatikana ni jibu la nyumba hiyo moja, mahali ilipojengwa, kwa bei za mwaka ule. Lakini jibu hilo limegeuzwa bei ya bidhaa. Mwenye kiwanja Goba, Dar es Salaam, au Kitengela, Kenya, huambiwa kiasi fulani kwa mita, huzidisha kwa mita 120 za ramani yake, kisha huamini kwamba amekwisha kujua nyumba itamgharimu kiasi gani. Imani hiyo ni potofu, na inawatia watu hasara wasiyostahili.

Eneo lenyewe, kwanza, halina maana moja. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ikipimwa kwa nje ina mita za mraba 100. Ikipimwa ndani ya kuta za tofali za inchi 6, zinabaki kama 94, na kuta za vyumba bado hazijatolewa. Baraza na gereji wengine huzihesabu, wengine huziacha. Wanaotumia futi huongeza kosa jingine, kwa kuwa mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, na si wachache wanaogawanya kwa 3.28 kana kwamba wanapima urefu. Mtu anayesikia bei ndogo kwa mita hana budi kuuliza iligawanywa kwa eneo lipi, na kwa kawaida hakuna anayeuliza.

Kosa kubwa zaidi limo kwenye umbo. Fedha za ujenzi huingia kwenye kuta, paa, msingi na mabomba, na vitu hivyo havifuati eneo la sakafu. Nyumba ya mita 10 kwa 10 na ile ya mita 5 kwa 20 zina eneo lile lile, lakini kuta za nje za ya kwanza zina urefu wa mita 40 na za pili mita 50. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, nyumba ndefu inadai mita za mraba 30 zaidi za ukuta. Hizo ni takriban tofali 300, pamoja na plasta ya mita za mraba 60 kwa pande zote mbili, na rangi juu yake, na mita 10 zaidi za mtaro wa msingi na linta yenye nondo. Ramani zenye kona nyingi, zinazopendwa sana siku hizi, hulipiwa kila kona, na bei ya mita ya mraba haizioni kona hizo.

Paa nalo lina hesabu yake. Nyumba ile ya mita 10 kwa 10, paa likitokeza sentimita 60 kila upande, tayari inafunika mita za mraba 125. Paa likiinuliwa kwa nyuzi 30, mabati yanafika mita 145, na kwa nyuzi 45 yanafika 177, mbali na yanayopotea kwenye makutano na mikato. Mbao za kenchi huongezeka vilevile. Paa la kuficha hupunguza mabati, lakini hudai kuta za kulificha na mifereji inayojengwa kwa umakini mkubwa, maana ikikosewa maji hurudi ndani.

Nyumba ndogo ndiyo inayowaumiza zaidi wenye kipato kidogo. Nyumba ya mita 50 inahitaji jiko, choo, shimo la maji taka, mlango wa mbele na mita ya umeme, kama nyumba ya mita 100. Gharama hizo zikigawanywa kwa mita 50, kila mita inabeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo anayechukua kiwango cha nyumba kubwa na kukitumia kwa nyumba yake ndogo lazima apungukiwe, hata akijibana. Kinyume chake pia ni kweli: kukata mita 10 za sebule hakuokoi bei ya mita 10, kwa sababu sehemu iliyoondolewa ilikuwa sakafu tupu, haina bomba wala sinki.

Anayeongeza ghorofa hukutana na jambo jingine. Sakafu ya juu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15 za zege, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, saruji peke yake hukaribia mifuko 100. Bado nondo, mbao za kushikilia zege, nguzo na ngazi.

Kisha kuna ardhi. Syokimau na Kitengela, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, hivyo huchimbwa na kubebwa hadi ifikiwe ardhi ngumu. Kwenye vilima vya Goba au Mwanza, kiwanja kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 10 kinadai mita za ujazo 50 za kifusi chini ya nyumba ile ile ya mita 10 kwa 10, na ukuta wa msingi wa kukizuia. Mfuko wa saruji unaosafiri kutoka viwanda vya Wazo Hill au Tanga hadi Kigoma hulipiwa nauli njia nzima. Kukadiria nyumba kwa eneo la sakafu ni sawa na kukadiria harusi kwa ukubwa wa ukumbi.

Tena mara nyingi haisemwi bei hiyo imebeba nini. Fundi anaweza kutaja kiwango cha boma, mwingine cha ufundi bila vifaa, mwingine cha nyumba iliyokamilika. Uzio, kisima, kibali, ada za wataalamu na shimo la maji taka huachwa nje. Kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, nayo aghalabu haitajwi. Na kiwango chochote ni cha bei za siku moja, wakati familia nyingi hujenga kwa vipande, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, paa fedha zikipatikana. Maboma yaliyosimama bila paa huku wenyewe wakiendelea kulipa kodi ya nyumba ya kupanga yana sababu nyingi, na makadirio ya namna hii ni mojawapo.

Watetezi husema wataalamu wenyewe hutumia kiwango hicho. Ni kweli. Chama cha wakadiriaji majenzi cha Kenya, IQSK, hutoa viwango vya gharama kwa mita ya mraba, na Uingereza taasisi ya BCIS imekusanya takwimu za namna hiyo tangu miaka ya 1960. Lakini mtaalamu hukitumia kabla ramani haijachorwa, kupima kama wazo linalingana na mfuko, na hukirekebisha kwa mahali, wakati na ubora. Ramani ikishapatikana, hukiweka kando na kuhesabu kuta, zege, mabati na milango. Kuzidisha mita kwa bei wakati ramani iko mezani ni kutupa taarifa zilizokwisha kulipiwa.

Mwenye ramani na adai mchanganuo wa gharama ulioandikwa, kutoka msingi hadi rangi, ukiwa na kiasi cha kila kifaa, bei yake na tarehe ya bei hiyo. Tanzania wakadiriaji majenzi wanasajiliwa na bodi yao, AQRB, na ada ya mmoja wao ni ndogo kuliko gharama ya boma lililokwama. Fundi anayejibu kwa bei ya mita peke yake asikabidhiwe fedha ya msingi.