Nani Anaingia Sasa?

Ukitaja majumba ya sinema ya zamani, hakosi mtu wa kukukata kauli: televisheni iliyaua, intaneti ikayazika, basi. Maelezo mepesi mno. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Hilo laweza kueleza kwa nini watazamaji walipungua. Halielezi nani aliamua ukumbi ugeuzwe kuwa nini, wala kwa nini watazamaji hawakuulizwa.

Tazama Majestic, pale Vuga, Mji Mkongwe. Ilianza miaka ya 1920 kwa jina la Royal, mchoro wa John Sinclair. Ikaungua miaka ya 1950, ikajengwa upya, ikafunguliwa 1955 kwa jina jipya. Baadaye ukumbi ukakaa miaka mingi bila paa. Empire, jirani na soko la Darajani, ikawa duka kubwa. Dar es Salaam, Drive-In iliyofunguliwa 1966 ikatoweka; mahali pake pakajengwa ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa 2003.

Watetezi wa mabadiliko husema kila jengo hubadilika. Nakubali. Natoka Kigwa, Uyui, kwenye njia ya zamani ya misafara, na mkoani kwetu tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, lilijengwa upya likawa makumbusho. Sina ugomvi na jengo kupata kazi mpya. Swali langu ni moja: nani alikuwa akiingia, na nani anaingia sasa?

Sinema zile hazikuwa pepo. Viti vilitengwa kwa bei, na mwenye pesa alikaa pazuri. Lakini kuli, karani na mwenye duka walicheka chini ya paa moja, na Zanzibar wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao. Dukani unakaribishwa ukiwa na cha kununua. Ubalozini unaingia kwa miadi.

Wala msiniambie watu wamechoka kutazama pamoja. Njoo Kigwa siku ya mechi kubwa. Kibanda umiza kinajaa hadi mlangoni: mabati, mabenchi, joto, na vijana waliosimama dakika tisini. Hamu ipo. Kilichokosekana ni ukumbi wenye hadhi ambao mtu wa kipato kidogo anaweza kuuita wake.

Kwa hiyo kibali cha kubadili matumizi ya ukumbi wa umma kije na masharti: siku za kuwa wazi kwa wote, kiingilio wanachokimudu wanafunzi na wachuuzi, na kikao cha wakazi kabla ya kusaini. Mwekezaji akiona ni mzigo, ardhi tupu ipo.

Majestic ikirudi kuwa ukumbi, nitafurahi. Ila kabla ya kusifia rangi ya kuta, nitauliza bei ya viti vya mbele kabisa, vile vya rahisi. Jibu litanitosha kujua jengo limerudishiwa nani.