Kadi ni Kadi? Mwambie Hakimu

Kuna usemi umezagaa kwa wenye magari wa mji huu, nao unanikera kuliko foleni ya jioni. Unasema hivi: "Kadi ni kadi tu."

Mtu kaagiza gari Japani, limefika na kamera yake kwenye kioo cha mbele, imefungwa vizuri, waya hauonekani. Kadi mara nyingi imeshang'olewa huko huko kabla ya mnada, maana mwenye gari wa kwanza hataki safari zake zije kutazamwa na watu wa Tandika. Sasa huyu bwana wetu anashuka mjini, anachukua memori kadi ya bei ya chipsi kuku, anaichomeka, taa ya kijani inawaka, basi. Kuanzia hapo anatamba kwamba gari lake lina kamera, na dereva akilalamikiwa anaambiwa "tutaangalia kwenye kamera". Mwulize mara ya mwisho kuangalia ni lini. Hajawahi.

Na kama kamera ni ya kutambia tu, mimi sina neno. Kila mtu na pambo lake, wengine wanaweka mbwa wa kutikisa kichwa. Tatizo linaanza pale dereva anapoambiwa aitegemee.

Mwaka jana nilifuatilia kesi moja ya ajali katika mahakama ambayo sitaitaja, kama ambavyo sitataja kampuni wala mtu. Pikapu ya kampuni na bodaboda, usiku, kwenye makutano. Kijana wa boda alifariki. Dereva akasema tangu siku ya kwanza kwamba pikipiki ilitokea kushoto bila taa na kwamba kamera imeona. Kamera kweli ilikuwepo, na wala haikuguswa na ajali. Kadi ilipofunguliwa, faili la mwisho lilikuwa la miezi minne nyuma. Miezi minne yule dereva ameendesha akiamini ana shahidi. Kesi ikabaki kuwa maneno yake dhidi ya maneno ya mashahidi wawili, wote wa kijiwe kimoja na marehemu. Mimi sisemi dereva alikuwa na haki. Inawezekana alikuwa anakimbia. Ila familia ya marehemu haijui, hakimu hajui, na aliyekuwa na uwezo wa kutufanya tujue alikuwa amesimama koridoni akiniambia, bila aibu, "Aah, kadi ni kadi bwana, zinaharibika."

Zinaharibika, ndiyo. Lakini haziharibiki kwa bahati mbaya. Zinaharibika kwa hesabu, na hesabu yenyewe mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Kumbukumbu iliyo ndani ya kadi imegawanywa katika seli ndogo sana, na kila ukiandika na kufuta, seli inachakaa kidogo, kama daftari linalofutwa kwa raba ukurasa ule ule. Kadi za zamani na za viwandani ziliweka biti 1 kwenye kila seli, na aina hiyo huhesabiwa kuvumilia kuandikwa na kufutwa kama mara 100,000. Lakini ni ghali. Kadi tunazouziwa leo huweka biti 3 kwenye seli, nyingine 4, ndiyo maana zimekuwa rahisi, na uvumilivu wake umeshuka hadi kwenye maelfu machache, nyingine 1,000 au chini ya hapo. Kwa simu hakuna shida, wewe unapiga picha ya harusi na kuiacha. Kamera ya gari haiachi kitu. Inaandika muda wote injini ikiwa inawaka, ikijaa inafuta za zamani, inaanza upya.

Chukua daladala inayotoka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tatu usiku. Saa 16. Kamera ya kawaida yenye picha nzuri inaandika kama megabiti 12 kwa sekunde, ambayo ni GB 5.4 kwa saa, au GB 86 kwa siku. Kadi ya GB 32 itajaa na kufutwa karibu mara tatu kila siku. Kwa mwaka ni karibu mara 1,000. Umeona? Kadi ya bei ya chipsi kuku imemaliza maisha yake kabla bima ya gari haijaisha, na hakuna aliyeitukana wala kuidondosha. Weka ya GB 128, ukubwa mara nne, kazi ile ile, na mzunguko unashuka hadi mara 250 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo kununua kadi kubwa si anasa ya kuhifadhi safari nyingi. Ni kununua umri.

Na msidhani haya ni ya kadi za mtaani peke yake. Tesla, kampuni inayotengeneza magari ya umeme ambayo wengi wetu tunayaona kwenye runinga, Februari 2021 ililazimika kuyaita nyuma magari karibu 135,000 ya Model S na Model X huko Marekani. Kosa? Kumbukumbu ya GB 8 iliyo ndani ya kompyuta ya gari ilikuwa inaisha kwa kuandikwandikwa, baada ya miaka mitano au sita skrini inakufa, na kamera ya kurudi nyuma inakufa nayo. Kampuni yenye wahandisi wa kutosha kujaza uwanja wa taifa imeangushwa na kuchakaa kwa seli, halafu wewe uniambie kadi ni kadi?

Hao hao Tesla walipoanza kuruhusu kamera za gari kurekodi mwaka 2018, mwenye gari alitakiwa kutafuta flashi yake mwenyewe. Watu wakachomeka walizopewa bure kwenye semina, zikafa. Baadaye kampuni ikaanza kutoa magari yakiwa na flashi tayari ndani ya droo ya dashibodi. Kitabu chao kinataka uwezo usiopungua GB 64 na kasi ya kuandika ya MB 4 tu kwa sekunde. Angalia hiyo 4 vizuri. Maana muuzaji wetu anapenda kukupiga na kasi: "Hii Class 10 hii, hii U3, inakimbia!" Class 10 maana yake inaandika angalau MB 10 kwa sekunde, U3 ni 30. Kamera yako inataka moja na nusu, nyingine mbili au tatu. Kasi si tatizo letu. Kinachotuua ni kuchoka, na kuchoka hakuandikwi kwa herufi kubwa juu ya kadi.

Ila kunaandikwa, ukitafuta. Zipo kadi zilizotengenezwa kwa kazi hii, zinaitwa za "endurance". SanDisk wanayo ya GB 64 waliyoipa jina la High Endurance ambayo wanaikadiria saa 5,000 za kurekodi, na ndugu yake Max Endurance wa GB 64 hiyo hiyo wanaikadiria saa 30,000. Samsung nao wana PRO Endurance. Sina hisa kwao. Nataka tu uone kwamba watengenezaji wenyewe wanahesabu saa, na kwamba kati ya kadi mbili zinazofanana kwa macho tofauti ni mara sita. Tena geuza pakiti ya kadi ya kawaida usome masharti ya dhamana: nyingi zimeandika wazi kwamba dhamana haihusu kamera za gari wala za ulinzi. Mtengenezaji amekuambia kwa maandishi usiitumie huko. Wewe ukaitumia, halafu ukamwachia dereva msala.

Halafu kuna hili la bandia. Unanunua GB 128, kompyuta inasoma 128, ndani kuna 8. Kidude kinachoendesha kadi kimefundishwa kusema uongo. Utarekodi vizuri siku ya kwanza, baada ya hapo mafaili yanaonekana majina yapo, ukifungua hakuna kitu. Sisemi wauzaji wote ni matapeli, wengine nao wamepigwa huko walikonunua. Lakini dawa ipo na ni ya bure: programu ya H2testw kwa wenye Windows, F3 kwa wenye Linux na Mac. Inaijaza kadi yote, kisha inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Inachukua saa kadhaa. Mwambie muuzaji kabla hujalipa kwamba utaipima na utairudisha. Ukiona amekasirika, umeshapata jibu bila programu.

Sasa nije kwenye kichekesho chenyewe. Hizi kamera za Japani, nyingi, zinajua kadi ikiharibika. Na zinasema! Kwa sauti ya dada mpole kabisa, kila ukiwasha gari. Kwa Kijapani. Nimepanda magari mawili matatu hapa mjini ambapo dada anazungumza asubuhi, dereva anacheka, "Ananisalimia huyo." Hakusalimii kaka. Pengine anakwambia kadi imekufa tangu Machi. Watu tunaoshona sare za madereva na kubandika nembo mlangoni tumeshindwa kurekodi sentensi moja kwa simu na kumpelekea mtu anayejua Kijapani atuambie inasema nini.

Na saa je? Kamera iliyoachwa kwenye saa za Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Ajali ya saa tatu usiku itaonekana imeandikwa 03:00. Kwa bahati ya ajabu inalingana na tunavyohesabu saa kwa Kiswahili, ndiyo maana wengi hawashtuki. Lakini tarehe ni ya kesho. Wakili mwenye akili timamu ataila hiyo video kama maandazi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaikubali rekodi ya kielektroniki kuwa ushahidi, ila inamtaka anayeipima aangalie ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama inaaminika. Video ya kesho kuhusu ajali ya leo inaaminika vipi?

Wapo wanaonijibu kwamba mambo ya kadi ni ya kizamani, tupeleke kila kitu kwenye intaneti. GB 86 kwa siku, kwa bando gani? Wengine wanasema wafunge SSD ya kubeba. Kwa gari linaloikubali, sawa, inavumilia kuandikwa kuliko flashi. Lakini soma joto lake: nyingi zimeandikiwa kufanya kazi mwisho nyuzi 60. Egesha gari juani saa saba mchana mwezi wa pili Dar es Salaam halafu uguse dashibodi kwa mkono. Kadi ndogo nyingi huandikiwa hadi 85. Kama ni SSD, basi ikae chini kwenye droo, isikae juu ya kioo.

Jambo jingine ni matuta yetu. Kamera hizi zina kihisi cha mtikisiko: gari likigongwa, faili linafungwa lisifutwe. Japani barabara ni laini, kihisi kimewekwa kwa barabara zile. Hapa kila tuta na kila shimo kwake ni ajali. Faili linafungwa, faili linafungwa, mpaka kadi inajaa mafaili yasiyofutika, na kamera nyingine zikifika hapo zinagoma kurekodi kabisa. Punguza ukali wa kihisi. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe mara moja kwa mwezi au miwili, si kwenye kompyuta, maana kamera nyingine zina namna yake ya kuipanga kadi, na za zamani hazikubali zaidi ya GB 32. Kama yako ni ya hivyo, tafuta GB 32 ya endurance na ukubali kuibadilisha mapema.

Ajali ikitokea, kwanza majeruhi. Ukishatoka hapo, zima kamera na toa kadi, kwa sababu gari likiendelea kuwaka linaendelea kufuta. Toa nakala kwenye kompyuta. Usitume kwa WhatsApp ukadhani umehifadhi, WhatsApp inaiminya video, na unachobaki nacho ni kivuli chake.

Nimewaambia haya matajiri kadhaa wa magari. Hawabishi hesabu. Wanachobisha ni hiki: "Nikinunua kadi ya bei hiyo, dereva ataiiba aweke kwenye simu." Haya. Jeki anasainishwa. Tairi la akiba anasainishwa. Kizima moto kilichokwisha muda wake anasainishwa pia. Mwandikie na kadi kwenye karatasi hiyo hiyo, aina yake, ukubwa wake na tarehe iliyoingia, na kila Jumatatu afungue faili la jana mbele ya karani kabla hajapewa ufunguo. Dakika mbili. Mwaka ukiisha, unamnunulia nyingine. Na anayelipa ni wewe mwenye gari, si yeye kwenye mshahara wake.