Sarafu Moja Sawa, Ila Mshahara wa Mwalimu Je?

Jamani, tukianza stori za sarafu moja ya Afrika Mashariki hapa chuoni, wengi wanaona raha tu: hakuna tena kubadilisha hela Namanga. Sawa. Ila mimi ninayesomea ualimu nimesoma habari za Latvia, nikaingiwa na wasiwasi.

Latvia ilijitoa Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, ikaingia Umoja wa Ulaya 2004, na 2005 ikaifunga sarafu yake, lati, kwenye yuro. Mikopo ya mabenki ya nje ikamiminika, nyumba zikapanda bei. Mwaka 2008 mambo yakageuka. Nchi nyingine ingeshusha thamani ya sarafu yake ili bidhaa zake ziuzike nje. Latvia ilikataa, maana iliitaka yuro. Sarafu isiposhuka, hushuka mishahara. Walimu wakakatwa vibaya, shule zikafungwa, vijana wakakimbilia Uingereza na Ireland. Yuro wakaipata 2014.

Sisemi walikosea; uchumi ulirudi kukua. Ninachosema ni kwamba mmoja wa waliolipa gharama ni mwalimu.

Itifaki yetu ilisainiwa Kampala 2013. Lengo la 2024 likasogezwa hadi 2031. Mwaka huo wengi wetu tutakuwa tumeshika chaki. Basi tuwaulize viongozi mapema: mambo yakiharibika na shilingi yetu haipo tena, kuna mfuko gani wa kutuokoa? Tusipouliza leo, jibu tutalikuta kwenye mshahara.