Jina la jamaa Uholanzi: kitabu cha serkali ndicho kinakata maneno

Tarehe 18/8/1811, Napoleon, aliyetawala Uholanzi wakati ule, aliamuru kila mtu asiye na jina la jamaa achague moja na kuliandikisha. Wengi walikuwa wanajiita tu kwa jina la baba. Ndiyo sababu akina Jansen, maana yake «mtoto wa Jan», ni wengi bila kuwa ndugu.

Leo wajukuu wao wanatafuta mababu pamoja kwenye intaneti. Mmoja akikosea, wengine wanakopia kosa. Kinachokata maneno ni kitabu cha eta sivili: kuzaliwa, ndoa, kifo.

Na kwetu Kongo? Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto. Mzazi, usingoje. Jina bila karatasi, kesho nani atalishuhudia?